Kumbukumbu ya mradi: ruta saba, chaneli tatu, mtaa wa Oli, Arua, Uganda

Ruta zote saba ziko juu ya mapaa kati ya soko na msikiti, na zote zinaendeshwa na OpenWrt, programu huria ya ruta. Mwanzoni ziliachwa zijichagulie chaneli (channel 'auto'), na shida ilianzia hapo. Umeme ukikatika mtaa mzima kisha ukarudi, zote zinawaka kwa pamoja. Kila moja inasikiliza, haisikii kitu maana wenzake nao bado wanasikiliza, na karibu zote zinaangukia chaneli ileile. Simu inaonyesha mawimbi yamejaa, lakini ukurasa haufunguki.

Ramani ya nani anamsikia nani

Kwenye GHz 2.4 chaneli zimepishana kwa megahezi 5 tu, ilhali mawasiliano yanakula megahezi 20. Zisizogusana ni 1, 6 na 11. Jirani akikaa kwenye 3 anaharibu 1 na 6 kwa mpigo, na hilo ni baya kuliko kukaa naye chaneli moja. Ruta za chaneli moja hungojana zamu, kwa sababu kila moja inatambua mwanzo wa pakiti ya mwenzake hata ikifika dhaifu, -82 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba hasi inavyokaribia sifuri, ndivyo mawimbi yalivyo makubwa). Pakiti ya chaneli iliyopandana nusu haisomeki, ni kelele tu, na kwa kelele ruta haingoji mpaka ifike -62 dBm. Katikati ya namba hizo mbili, wote wanaongea kwa wakati mmoja. Duka lenye ruta kwenye 3 au 9 linafaa kutembelewa kabla ya kugusa mipangilio yoyote: «Mzee, tunaomba tuihamishe ruta yako iende chaneli 1, hata wewe utapata kasi.»

Kupima: weka zote chaneli 6, 20 dBm, usiku soko likishafungwa. Kwenye kila ruta endesha iw dev wlan0 scan, amri inayoorodhesha ruta zinazosikika, uandike namba za dBm za wenzake. Jozi inayosikilizana kwa -82 au zaidi, chora mstari kati yao. Wenye mstari hawapewi chaneli moja. Ramani ikatoa ruta A, B, C na D, wanne wanaosikilizana wote, na chaneli ni tatu, kwa hiyo mmoja anakosa yake.

Nguvu

Mstari dhaifu kati ya wanne hao ni C–D: -79 dBm. Tukishusha txpower (nguvu ya kurusha) kutoka 20 hadi 14, yaani kutoka miliwati 100 hadi 25, inakuwa -85 na mstari unakatika. C na D sasa wanaweza kutumia 11 wote wawili.

Lazima washushwe wote wawili. Ukimshusha D peke yake, yeye bado anamsikia C kwa -79 na kumngoja, huku C hamsikii D na anaongea tu. D atakufa njaa, na ukitazama mipangilio hutaona kosa lolote. Kanuni tunayoshika: wanaotumia chaneli moja na wako jirani, nguvu sawa.

Umbali wa huduma haupungui nusu kama kwenye uwanja wazi. Kati ya kuta za matofali, desibeli 6 zinakuacha na takribani theluthi mbili za umbali wa awali. Isitoshe, simu nyingi zenyewe hurusha kama 15 dBm, kwa hiyo ruta ya 20 ilikuwa inasikika mahali ambapo yenyewe haiwezi kuisikia simu.

Matangazo ya majina

Hili linasahaulika sana. Kila jina la Wi-Fi linatangazwa kila milisekunde 102.4. Kwa kasi ya megabiti 1, tangazo la baiti 300 linakula kama milisekunde 2.5. Ruta nne zinazosikilizana, kila moja na majina matatu, zinamaliza karibu asilimia 30 ya muda wa hewa kabla mtu hajafungua chochote. Sasa ni jina moja kwa kila ruta, na legacy_rates '0' (kuzima kasi za zamani), ili tangazo litoke kwa megabiti 6.

Kiungo cha GHz 5

Ruta A hadi ruta F ni mita 300, antena za 13 dBi (desibeli ambazo antena inaongeza), chaneli 149 yenye upana wa megahezi 20. Njia inameza desibeli 97, kwa hiyo nguvu ya ruta 15, pamoja na antena mbili, ukitoa njia: 15 + 13 − 97 + 13 = -56 dBm. Kasi ya MCS7 (mojawapo ya ngazi za kasi za Wi-Fi) inataka -64, basi akiba ni 8, inatosha. Kuongeza nguvu hapa ni kuwachafulia wengine hewa bure. Tahadhari: usipoijulisha ruta antena uliyofunga, haiijui. Ukiandika 20, kinachotoka ni 33 dBm, wati 2 nzima. Weka country 'UG', kisha fanya hesabu ya antena mwenyewe ukilinganisha na kikomo cha UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda.

Kinachofuata

Siku ya soko simu nyingi zinawashwa zigawe intaneti, na B aliye kwenye chaneli 1 anabanwa. Tutasoma iw dev wlan0 survey dump kila dakika 10 na kugawanya busy (muda chaneli ina shughuli) kwa active (muda wote uliopimwa). Ikizidi nusu mchana kutwa, wateja wa B tutawahamishia GHz 5, chaneli 36.