Mwanga Mwekundu Ukutani

Nilizaliwa Desemba 1961 nchini Kongo, mjini Élisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi, katika majuma ambayo wanajeshi wa Umoja wa Mataifa na jandarma, yaani askari, wa Katanga walikuwa wakipigana mitaani. Mama hakuweza kupelekwa hospitalini kwa kuwa barabara zilikuwa zimefungwa. Nilipokelewa na jirani yetu, mama mmoja mtu mzima kutoka Kasai, juu ya mkeka, huku magodoro yakiwa yamesimamishwa dirishani ili kuzuia risasi. Kujitenga kwa jimbo letu la Katanga na Kongo, ambako kiongozi wake Moïse Tshombe alikutangaza tarehe 11 Julai 1960, kulikwisha Januari 1963, nami wakati huo ndiyo kwanza nilikuwa ninaanza kutembea. Vita vyenyewe, basi, sivikumbuki hata kidogo. Ninachokumbuka ni miaka iliyovifuata, na namna mama yangu alivyokuwa akiuchunguza utulivu wa kila siku kama mtu anayechunguza maziwa yaliyo jikoni, akihofia yasije yakafurika.

Baba alikuwa mfanyakazi wa tanuru katika kiwanda cha kuyeyusha shaba, kile chenye dohani ndefu ya mita 153 ambayo hadi leo huonekana kutoka karibu kila pembe ya mji. Tuliishi kambini. Ninatumia neno hilo kama tulivyolitumia sisi, bila maana yoyote ya jeshi wala ya wakimbizi: kambi ilikuwa mtaa wa nyumba za matofali zilizojengwa na kampuni kwa ajili ya wafanyakazi wake, zote za kimo kimoja, zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, kila moja ikiwa na namba yake ukutani. Desturi hiyo ilianza zamani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière, kampuni hiyo ya madini ya Wabelgiji, ilikuwa imeamua kwamba mfanyakazi mwenye mke, watoto, shule na zahanati karibu naye hatarudi kijijini baada ya miezi michache, na hivyo ikaanza kujenga kambi za familia. Babu yangu, ambaye sisi tulimwita kambo, aliletwa kwa mpango huo kutoka upande wa Lomami, na baba yangu akazaliwa kambini, kama mimi.

Kwa kuwa nyumba zilifanana, mtoto mdogo aliweza kupotea hatua hamsini tu kutoka kwao. Mimi nilipotea mara mbili. Baada ya mara ya pili mama alipaka kingo za dirisha letu rangi ya buluu aliyoomba kwa fundi mmoja, rangi iliyobaki kidogo mno chini ya kopo hata ukingo mmoja ukakosa kumaliziwa. Nilijua nyumba yetu kwa ule ukingo ambao haukukamilika, zaidi ya namba, zaidi hata ya mwembe uliokuwa uani.

Upande wa kulia tulikuwa na familia ya Wakasai waliosema Kiluba cha kwao, upande wa kushoto Wabemba kutoka Luapula, na nyuma yetu mzee ambaye wazazi wake walikuwa wameletwa kutoka Rwanda. Ndani ya nyumba kila mtu alikuwa na lugha yake, lakini bombani, mahali ambapo wanawake walipanga foleni ya ndoo alfajiri, palikuwa na Kiswahili peke yake. Ndicho tulichogombania, ndicho tulichosamehania. Nimewahi kusikia watu wakikiita Kiswahili chetu cha Lubumbashi lugha iliyovunjika, nami sikubaliani nao kabisa, kwa sababu mimi nilikiona kikifanya kazi ambayo hakuna lugha nyingine pale ingeweza kuifanya, miaka michache tu baada ya majirani wale wale kugawanywa na vita kwa misingi ya asili zao.

Siku za kambi zilipangwa na king'ora na mposho. King'ora kililia mara kadhaa kwa siku, zamu ilipoanza na zamu ilipokwisha, na mama alipikia bukari kwa sauti yake: akikisikia cha mchana, anabandika maji ya ugali huo, na baba anapofika mlangoni ndipo mwiko unapotolewa sufuriani. Mposho ulikuwa chakula ambacho kampuni iliwagawia wafanyakazi, kwa hesabu ya mke na watoto walioandikwa kwenye kadi. Nilikuwa nikienda na mama kuuchukua, nikiwa nimebeba beseni la bati lenye maua mekundu yaliyobanduka. Karani alichota unga wa mahindi kwa kopo kubwa, akapitisha ubao juu ya mdomo wa kopo ili unga uwe sawa, kisha akamimina. Yalifuata maharagwe, chumvi, ndakala, yaani dagaa, waliokaushwa na mafuta ya mawese, ambayo kila mtu alikuja na chupa yake ya kuyatilia. Mama hakuwahi kuyatazama macho ya karani. Aliutazama ule ubao unaopita juu ya kopo. Mdogo wangu alipozaliwa na kuandikwa kwenye kadi, kipimo chetu kiliongezeka, na baba akacheka akisema kwamba mtoto huyu amekuja na mkoba wake.

Nimesoma kwamba huko Uingereza watoto waliozaliwa baada ya vita vya 1939 hadi 1945 nao walikua katika vitongoji vya nyumba zinazofanana, na kwamba mgao wa chakula uliendelea kwao hadi mwaka 1954. Nilipoyasoma hayo nilijihisi karibu na watu hao nisiowajua, ingawa kuna jambo moja linalotutenga: kwao, nadhani, siku mgao ulipokoma ndiyo siku vita vilipokwisha kweli, lakini kwetu sisi mgao ukikoma tulikuwa na kila sababu ya kuogopa.

Mwanga ndio ninaoukumbuka kuliko yote. Kila usiku, treni fupi ya kiwanda ilipandisha ndoo kubwa za mabaki ya shaba yaliyoyeyushwa hadi juu ya terili, yaani ule mlima mweusi ulio kando ya mto Lubumbashi, na huko juu yakamwagwa yakiwa bado yanawaka. Kwanza kulikuwa na kimya. Kisha mbingu yote ya upande ule iligeuka kuwa nyekundu, wekundu wa papai lililoiva, na mwanga ukaingia dirishani petu na kupanda ukutani polepole hadi kwenye picha ya ndoa ya wazazi wangu. Uso wa mama pichani ulionekana waziwazi, hata kifungo cha shingoni kilichokosekana, kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu hadi thelathini bila haraka. Baadaye rangi ilififia kuwa kahawia, na giza likarudi na ile harufu nyepesi ya kiberiti.

Mama hakulala kabla ya kuuona. Alikaa kitandani kwetu, akiwa ametuwekea mkono miguuni, akisubiri. Nilidhani anapenda uzuri wake. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi ndipo yaya, dada yangu mkubwa, aliponieleza kwamba katika zile siku za mapigano za Desemba mbingu ilibaki nyeusi, na ni milio ya mizinga peke yake iliyosikika. Kwa mama, wanaume wakimwaga, maana yake tanuru linawaka, na tanuru likiwaka, baba yuko kazini na hakuna anayepigana. Alipokwisha kuuona mwanga alisimama na kusema, "Balisha kumwanga. Mulale," yaani wamekwisha kumwaga, laleni. Tukalala.

Chini ya kitanda chake palikuwa na sanduku la ngozi lililofungwa kwa kamba. Sisi watoto tulikatazwa kulisogeza. Tulicheza vita bila woga wowote, wavulana wakiwa ONU, yaani wanajeshi wa Umoja wa Mataifa, na jandarma, na mimi na wenzangu tukiwa wauguzi tunaofunga majeraha kwa majani ya mgomba. Tulipekua udongo kutafuta maganda ya risasi, tukayapigia filimbi. Mama alitutazama tukicheza hivyo bila kutukataza, lakini sanduku halikufunguliwa. Ndani yake kulikuwa na vitenge viwili, nguo za mtoto mchanga ambazo hazikumfaa tena yeyote kati yetu, mfuko mdogo wa chumvi, viberiti na cheti cha ndoa. Ninajua kwa sababu mwaka 1974 alilifungua mbele yangu. Alikuwa amejifunza kushona kwa cherehani pamoja na wanawake wenzake wa kambi, na sikukuu ilikuwa inakaribia. Alitoa kitenge kimoja, akakinusa, akakitandaza juu ya meza na kuanza kukikata. Gauni lile lilinuka sanduku kwa miezi mingi, nami nililivaa kwa fahari ambayo sijawahi kuipata tena katika nguo yoyote.

Mengine ya miaka hiyo yalipita juu yetu kwa haraka. Januari 1967 mali za Union Minière nchini zilikuwa zimetwaliwa na serikali, na kampuni mpya hatimaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 1967 na 1968 Englebert, ambayo sasa ni TP Mazembe, ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mara mbili mfululizo, na baba, aliyekuwa shabiki mtiifu wa Lupopo, timu pinzani ya mjini, alikwenda kushangilia barabarani pamoja na wengine. Oktoba 1971 nchi ikawa Zaire, na muda mfupi baadaye jimbo letu likaitwa Shaba, kama kwamba watu wote tulikuwa madini. Mwaka 1972 tuliacha majina ya ubatizo. Kwenye kadi ya mposho jina langu lilikatwa kwa mstari mmoja wa wino na jina la mama yake baba likaandikwa juu yake kwa herufi ndogo, kwa sababu nafasi haikutosha. Nililipenda jina hilo tangu siku hiyo.

Mdogo wangu alikuwa stadi wa magari ya waya. Aliyatengeneza kwa vipande vya waya wa shaba alivyookota, akavipasha moto ili vilainike, na magurudumu akayakata kutoka kwenye soli za ndala. Usukani wake ulikuwa mrefu hadi kifuani, na lori lilibeba mizigo ya kweli: mawe madogo ya kijani ya malakiti kutoka kando ya reli. Aliyamwaga nyuma ya nyumba, juu ya kichuguu, na alisisitiza kufanya hivyo jioni tu, giza linapoanza kuingia.

Machi 1977, waasi walipoingia jimboni kutoka Angola, nilimkuta mama amepiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa amelitoa sanduku na kulifuta vumbi. Mwaka uliofuata, Mei 1978, habari za waasi kuingia mji wa Kolwezi zilipofika, alikuwa tayari amekwisha kulifunga, na safari hii aliweka ndani yake viatu vyangu vya shule na daftari langu la mwisho. Lubumbashi haikuguswa. Usiku ule tulikaa wote wanne kitandani, yaya akiwa tayari ameolewa na hayupo, tukitazama ukuta. Mwanga ulichelewa. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, nikajiona mtu mzima, lakini ulipopanda hatimaye juu ya picha nilisikia pumzi zetu zikitoka kwa pamoja, na baba, aliyekuwa nyumbani kwa mapumziko ya zamu, akalitaja kwa sauti ya chini jina la mwenzake aliyekuwa kazini.

Baba alistaafu mapema katika miaka ya 1980, wakati kiwanda kilikuwa bado kinafanya kazi kwa nguvu, nasi tukahamia mtaa wa Katuba, kwenye nyumba yetu wenyewe. Tanuru zilizimwa katika miaka ya 1990, yeye akiwa amekwisha kufariki. Terili lenyewe limekuwa likichimbwa upya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya kobalti iliyobaki ndani yake, na kila mwaka linazidi kuwa fupi.

Mama aliishi nami hadi mwisho. Katika miaka yake miwili ya mwisho alisahau mengi, majina ya wajukuu na wakati mwingine hata langu, lakini kila usiku aligeuza kichwa chake upande wa dirisha na kukaa macho.

"Balisha kumwanga?" aliniuliza.

Nilikuwa nikiketi kando yake na kumwekea mkono miguuni. "Bado, mama," nilimjibu. "Tuwangojee kidogo."