Nondo wa mchana

"Nondo za milimita ngapi?" kondakta aliniuliza pale Muheza, nilipomwambia napanda Hifadhi ya Amani kutafuta nondo. Sikumlaumu. Ukitaja nondo, kama si chuma cha kusukia zege, basi ni kile kidudu cha kijivu kinachozunguka taa usiku. Wangu hafanani na hao. Huruka jua likiwaka, na wataalamu humwita Chrysiridia croesus.

Njia ya Usambara Mashariki ni kona tupu. Mvua ilikuwa imelainisha udongo, tukashuka mara mbili kusukuma gari. Siku hiyo sikuona kitu ila ukungu.

Kesho yake, kwenye saa nne asubuhi, jua likatoka. Mwenyeji wangu akaninyooshea kidole kwenye mti uliochanua maua meupe: "Wale pale!" Ningeapa ni vipepeo. Drury, Mwingereza mchunguzi wa wadudu, naye aliteleza hapohapo mwaka 1773, alipomweka ndugu wa nondo huyu, yule wa Madagaska, kwenye kundi la vipepeo. Vipapasio ndivyo vinavyomuumbua: vya kipepeo vina kirungu nchani, vya huyu ni vyembamba kama uzi hadi mwisho.

Chini ya mti niliokota bawa moja; mwenyewe labda aliliwa na ndege. Nilipoliweka kiganjani lilikuwa jeusi lenye michirizi ya kijani. Nikaliinamisha kidogo, kijani kikawa dhahabu, kisha shaba. Rangi hiyo haikupakwa popote: ni vigamba vidogo vinavyochezea mwanga, kama mafuta juu ya dimbwi.

Hupatikana Kenya, Tanzania pamoja na Zanzibar, hadi Msumbiji, lakini usidhani utamkuta kila kichaka. Viwavi wake wanataka mimea ya jamii ya mbono, tena si yoyote. Yule wa Madagaska ndiye mteuzi zaidi: viwavi wake hula mimea ya Omphalea tu. Kisiwani zipo spishi nne za mimea hiyo, tatu kwenye misitu mikavu ya magharibi na moja mashariki, kwa hiyo nondo huhama kwa makundi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mimi na gari letu la kusukuma hatuna cha kujisifu.

Hifadhini huondoki na kitu, hata bawa. Nikalirudisha juu ya jani. Sisimizi wakalifikia kabla sijafunga begi, wakalibeba wima kama tanga, likimeta kijani, dhahabu, kijani, mpaka likazama kwenye majani makavu.