Umerudi nyumbani na ramani ya paa la kuficha? Hesabu maji kwanza

Ukipita Goba, Madale au Kigamboni jijini Dar es Salaam leo baada ya miaka mingi ughaibuni, utatafuta mapaa usiyaone. Nyumba tulizoziacha zilikuwa na msauzi au vigae, paa limepanda juu, vale (mifereji pale pande mbili za paa zinapokutana) kila kona. Sasa ukuta unapanda na kukatwa bapa, rangi nyeupe na kijivu, dirisha la alumini la mita tatu, kwisha. Ndilo paa la kuficha, na wengi tunaorudi tunashuka na ramani hiyohiyo kwenye simu.

Mtindo wenyewe hauna ubaya. Ila nyuma ya ule ukuta kuna bati la kawaida lililolazwa, na maji yake yote yanashukia kwenye gata, yaani mfereji wa paa, iliyo ndani ya mipaka ya nyumba. Paa la zamani likivuja ukingoni, maji yalianguka uani. Hili likivuja yanaangukia dari ya jipsamu ya sebuleni.

Waliotoka Muscat, Oman, ndio wanaopata mshtuko zaidi, kwa kuwa kule mapaa bapa yapo kila mtaa na hayana shida kubwa. Muscat hupata kama milimita 100 za mvua kwa mwaka. Dar hupata karibu 1,100, na Aprili peke yake huzidi 200. Zanzibar somo hili walilipata zamani. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa na mapaa bapa ya boriti, mawe na chokaa, yakavuja, na baadaye yakafunikwa kwa mabati yenye mtelemko. Ndiyo hayo unayoyaona leo ukipanda ghorofani.

Kama bado unalitaka paa la kuficha, anza na mtelemko. Kwa bati la migongo la IT4 au IT5 usikubali chini ya nyuzi 5, yaani karibu sentimita 9 kwa kila mita. Paa linalomwaga upande mmoja kwa mita 8 linahitaji kupanda sentimita 70. Ongeza 20 za kina cha gata, 15 za mbao, na 15 za ukuta kubaki juu ya bati: jumla 120. Tofali la nchi 6 likisimamishwa, pamoja na udongo wake, linakupa kama sentimita 25 kwa kozi (safu moja ya tofali), kwa hiyo parapeti, yaani ule ukuta unaoficha bati, ni kozi tano juu ya ringi, mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta. Fundi anayejenga kozi tatu ili nyumba "isionekane na kichwa kikubwa" amekuachia sentimita 25 tu za kupanda, na mtelemko haufiki hata nyuzi 2. Maji yatalala kwenye viungo vya bati na kurudi nyuma upepo ukivuma. Usipotaka kozi tano, mwaga pande mbili, mita 4 kila upande. Kimo kinapungua, ila sasa una gata mbili za kutunza.

Bati liagizwe kwa urefu kamili, lisiungwe katikati. Liwe geji 28, ambalo ni nene kuliko 30, na likatwe kwa mkasi: cheche za grainda huunguza rangi na zinki, na kwa hewa ya chumvi ya pwani kutu itaanzia hapohapo.

Gata ndiyo roho ya paa hili. Upana usipungue sentimita 30 ili mtu aweze kukanyaga akisafisha, na sakafu yake ishuke sentimita 1 kwa kila mita kuelekea bomba. Kipimo cha bomba watu hukisia, wakati hesabu yake ni nyepesi. Chukua mvua kali ya milimita 100 kwa saa. Milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1, hivyo paa la mita za mraba 150 linashusha lita 15,000 kwa saa, sawa na lita 250 kila dakika. Bomba moja la nchi 4 lipewe mita za mraba 75, basi. Hapo unahitaji mawili. La nchi 2, ambalo ndilo linalowekwa mara nyingi kwa kuwa halionekani vibaya ukutani, lina robo tu ya nafasi ya lile la nchi 4.

Halafu toboa ovaflo, njia ya maji yanayozidi. Bomba la nchi 3 lipite kwenye parapeti, ukingo wake wa juu ukae sentimita 5 chini ya ncha ya bati. Siku likianza kutema maji nje, utajua bomba kuu limeziba. Na litaziba: kunguru wa Dar wanapenda gata kuliko mti, wanaleta vijiti, mifupa, hata vipande vya waya. Weka mfuniko wa kupandia darini wa sentimita 60 kwa 60, gata isafishwe mwishoni mwa Februari na tena Septemba.

Kama gata ni ya zege, iache ikomae na kukauka kabla ya kubandika memburani ya lami, utando wa kuzuia maji. Ikibandikwa juu ya zege bichi, mvuke unaifanya ifure malengelenge. Memburani ipande ukutani angalau sentimita 15.

Sasa angalia pale bati linapokutana na parapeti. Mafundi wengi huziba kwa udongo wa saruji na kuupiga msasa ukapendeza. Bati la mita 8 likipanda joto kwa nyuzi 40 hurefuka karibu milimita 4, jioni linarudi. Saruji haiwezi kufuata mwendo huo, inapasuka msimu wa kwanza. Kinachotakiwa ni flashingi, ukanda wa bati wa kufunika maungio, iingizwe kwenye mfereji uliochongwa ukutani kina cha sentimita 2 au 3, izibwe kwa silikoni ya nje. Juu ya parapeti weka kopingi, kifuniko cha ukuta, inayoinamia ndani, itokeze sentimita 5 kila upande na iwe na mchirizi chini wa kudondosha maji. Bila hiyo, maji yataingia kwa juu na rangi itafura hata kama bati halivuji tone.

Kuna joto pia. Paa lililotokeza sentimita 60 lilikuwa linakinga ukuta dhidi ya jua na mvua; sasa halipo. Panga madirisha makubwa kaskazini na kusini, mashariki na magharibi weka madogo au matofali ya matundu, na juu ya kila dirisha shedi ya zege. Dirisha la kusukuma kando linafunguka nusu tu, luva za zamani zilifunguka zote. Msanifu majengo Beda Amuli alipolisanifu Soko la Kariakoo miaka ya 1970 alitumia miavuli mikubwa ya zege: kivuli juu, hewa inapita chini. Hakuna ramani ya kununua mtandaoni inayokuuliza jua linatokea wapi kwenye kiwanja chako.

Kabla jipsamu haijapanda, ziba mabomba kwa mpira, jaza gata mpaka maji yatoke kwenye ovaflo, yaache saa 24, kisha ingia ndani na tochi. Na kwenye mkataba zuia asilimia 10 ya fedha ya fundi wa kupaua mpaka masika moja ipite.