Bamdogo, friji bovu na sekunde 9

Jamani naomba niliandike hili maana limenikaa kooni tangu mwezi wa saba. Kuna klipu imezunguka sana huku Mbeya, mzee mmoja wa Uyole kakaa kwenye kigoda pembeni ya friji bovu lililolazwa chini, anaeleza taratibu kabisa kwamba ametengeneza mashine ya muda, na nyuma unasikia vijana wanaangua kicheko, mmoja anamuuliza eti mzee nipeleke mwaka 2050 nikaone kama nitakuwa nimeoa. Yule mzee ni bamdogo wangu. Mdogo wake baba, tumbo moja.

Bamdogo ni fundi redio tangu mimi sijazaliwa. Redio za mbao, redio kaseti, baadaye hizi za kuchaji, zote zimepita mikononi mwake na mimi ufundi wa simu ninaofanya pale Mwanjelwa msingi wake niliupata kwake, yeye ndiye aliyenishikisha bunduki ya kusoda nikiwa darasa la tano. Kwa hiyo niliposikia mashine ya muda sikucheka lakini nikaogopa, nikasema mzee ameanza kuchanganyikiwa, nikafunga kibanda Jumapili nikapanda daladala kwenda kumuona.

Baridi ya Mbeya mwezi wa saba mnaijua. Nimefika nimemkuta kavaa koti mbili na kofia ya sufu, nikamwamkia shikamoo bamdogo, marahaba mwanangu, umekuja kuiona au umekuja kunicheka na wewe? Nikamwambia nimekuja kuiona.

Mashine yenyewe iko kwenye banda la bati nyuma ya nyumba. Friji limetolewa kila kitu, ndani kazungushia koili aliyoisuka mwenyewe kwa waya wa shaba wa transfoma, kapanga sumaku za spika nane, inalishwa na betri ya gari ambayo anaiwasha saa moja tu kila jioni kwa sababu haikai na chaji. Katikati kaning'iniza saa ya ukutani ya kawaida tu, hizi za betri ya rimoti. Sebuleni kuna nyingine ya aina hiyo hiyo. Zote kaziweka sawa kwa milio ya redio kabla ya taarifa ya habari, halafu akasubiri siku 30. Saa ya kwenye friji ikawa nyuma kwa sekunde 9.

Nikamwambia bamdogo, saa mbili za sokoni haziwezi kwenda sawa, hata za duka moja. Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia zamani nikichoma waya, akatoa kaunta buku. Kumbe alishazibadilisha. Iliyokuwa sebuleni akaipeleka bandani, ya bandani akaileta sebuleni, akasubiri tena siku 30, na bado iliyoko bandani ndiyo iliyobaki nyuma. Kaandika kila wiki, kwa mwandiko ule ule wa kwenye risiti zake, tarehe, saa A, saa B, tofauti. Kurasa 14. Wale vijana na simu zao hakuna hata mmoja aliyemuomba alifungue lile daftari, na hata ofisi moja aliyokwenda kuomba ushauri walimwambia njoo kesho, kesho njoo wiki ijayo, mpaka nauli ikamshinda. Hapo ndipo ninapokasirika mimi.

Maana kwenye lile daftari jibu lilikuwepo. Nimefungua nyuma kidogo nikakuta Oktoba ya mwaka jana, tofauti ni sekunde 2 tu, na pembeni kaandika "mashine imechoka, badilisha betri." Oktoba! Joto lile la kabla ya mvua. Nikasimama nalo pale mlangoni nikasikia mwili unasisimka.

Saa hizi ndani zina kikopo kidogo kinachong'aa, chembamba kama punje ya mchele, humo kuna kipande cha kristali ya kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saketi inaigawa hiyo namba kwa mbili, mara 15, mpaka inabaki moja, na hiyo moja ndiyo inayosukuma mshale. Hata kwenye simu ninazofungua kila siku kipo. Sasa kile kipande kinatembea vizuri kwenye nyuzi joto 25 hivi, ukishuka hapo kinachelewa, ukipanda sana nako kinachelewa. Nyuzi 10 chini ya hapo unapoteza karibu sekunde 0.3 kwa siku. Piga mara 30. Ni 9.

Kumwambia ilikuwa ngumu jamani. Kwa sababu mimi najua anachokitafuta. Miaka ile anafanya kazi Dar bibi yetu aliugua, akapigiwa simu ya mezani kwa jirani, akapanda basi usiku ule ule, basi likaharibika Kitonga wakalala pale mlimani, amefika Mbeya wameshazika. Hajawahi kuomba kurudi nyuma, hata siku moja. Anachosema ni kwamba angekuwa na kitu cha kuuchelewesha muda kidogo ndani ya ile nyumba angewahi. Kuna profesa mstaafu wa fizikia Marekani, Ronald Mallett wa Chuo Kikuu cha Connecticut, baba yake alikuwa fundi televisheni akafa mwaka 1955 yeye ana miaka 10 tu, na ndiyo akaamua atasoma mpaka atengeneze mashine ya kumrudia. Miaka mingi alificha, akawa anawaambia wenzake anachunguza mashimo meusi ya angani, kwa kuogopa kuchekwa. Nimemsimulia bamdogo habari hiyo kwanza, kabla ya kusema la kristali. Akauliza, baba yake naye alikuwa fundi? Nikasema ndiyo. Akakaa kimya muda mrefu.

Halafu nikamwambia ni baridi, bamdogo. Koili haihusiki.

Hakugomba. Akasema kailete hiyo saa, tukaifungua juu ya meza, nikamuonyesha kile kikopo kwa ncha ya bisibisi, akakibana kwa vidole viwili akawa anakipasha joto hivi hivi na mkono wake, akasema kwa hiyo hiki ndicho kilichokuwa kinaniongopea. Nikamwambia hakikuongopa, kimekupimia baridi ya banda mwaka mzima na wewe umeandika kila kitu.

Na nikamwambia lile lingine ambalo ni kweli tupu. Saa ikiwa juu inakwenda haraka kuliko iliyo chini, hilo Einstein alilipigia hesabu na mwaka 1971 Wamarekani wawili, Hafele na Keating, walizungusha saa za atomiki, zile sahihi kuliko zote, duniani kwa ndege za abiria wakaona tofauti zimetokea kama hesabu ilivyosema. Saa za setilaiti za GPS, zile zinazoiwezesha simu kujua uko wapi, zinabidi zirekebishwe kwa sababu kila siku zingetangulia za huku chini kwa sehemu 38 za milioni za sekunde. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, nikapiga hesabu kwenye simu, kila siku tunaitangulia Dar kwa sehemu kama 16 za bilioni za sekunde. Hakuna saa ya ukutani itakayoiona hiyo, lakini ipo.

Akaniambia iandike humu. Nikaandika kwenye kaunta buku, chini ya tofauti zake. Akaisoma mara mbili akasema, kwa hiyo mimi nilipokuwa Dar muda wangu ndio uliokuwa unachelewa, wa mama ukatangulia. Sikuwa na la kujibu.

Friji hajalitupa. Sasa hivi tumeweka saa tatu, moja kaachwa nayo sebuleni, moja ndani ya koili kama zamani, ya tatu iko hapo hapo kwenye friji lakini nimeifunga blanketi ndani ya hotpoti pamoja na chupa ya maji moto ambayo anaibadilisha asubuhi na jioni. Nimempelekea na kipimajoto. Jana kanipigia saa 12 asubuhi kabla hata sijaamka vizuri, hata salamu hakusubiri, akasema andika, bandani nyuzi 8, hotpoti nyuzi 21.