Kuomba Kwanza, Kisha Kukabidhi

Wakristo wengi hutamka mapema mno maneno "mapenzi yako yatimizwe". Huyatamka kabla hawajamweleza Mungu wanachokitaka, kana kwamba kuwa na haja ni utovu wa imani. Kwa maoni yangu, anayeomba hivyo bado hajajisalimisha. Anaogopa tu kunyimwa.

Bwana Yesu hakuanzia hapo. Katika bustani ya Gethsemane aliomba kikombe kile, yaani mateso na kifo vilivyokuwa mbele yake, kimwondokee, na Mathayo anaeleza kwamba alirudi kuomba mara tatu. Mtume Paulo naye alimsihi Bwana mara tatu kuhusu ule "mwiba katika mwili", ambao hakutufafanulia ulikuwa nini, akajibiwa: "Neema yangu yakutosha; maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Wote wawili waliomba bila kuficha neno, na wote wawili hawakuondolewa walichoomba kiondolewe.

Mpangilio wa Luka katika sura ya 22 hunifikirisha sana. Mara baada ya Yesu kusema "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke", malaika anamtokea na kumtia nguvu. Lakini katika mstari unaofuata tunamkuta angali katika dhiki, akizidi kuomba, na jasho lake likidondoka kama matone ya damu. Dhiki ilibaki, naye akapewa nguvu za kuendelea kuomba ndani yake.

Nilianza kuuelewa mstari huo nilipokuwa nikimuuguza mzazi wangu. Niliomba apone, nikaomba tena, hadi nilipoweza kumkabidhi kwa Mungu bila kuweka sharti. Hakupona. Hata hivyo, tangu hapo niliweza kuamka usiku kumgeuza kitandani pasipo manung'uniko, na kucheka naye alipokumbuka vituko vya ujana wake, kwa kuwa sikuwa tena nikimtazama usoni kila saa nikitafuta dalili kwamba maombi yangu yamejibiwa. Dawa zake tuliendelea kumpa kwa wakati. (Wanaohubiri kwamba kumtegemea Mungu ni kuacha matibabu wangemsoma tena Paulo, ambaye alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake.)

Kuhusu furaha, nadhani tunaidai ije haraka kuliko Maandiko yanavyoahidi. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na katika waraka huo wa sura nne tu anaitaja furaha mara nyingi. Lakini katika sura ya mwisho anakiri kwamba kuwa radhi na hali yoyote ni jambo alilojifunza. Mtume alihitaji kujifunza, basi sioni kwa nini muumini aliyefiwa jana aambiwe ashangilie leo.

Hata ule mstari tunaoupenda, "furaha ya BWANA ni nguvu zenu", katika Nehemia 8, uliambiwa watu waliokuwa wakilia baada ya kusomewa torati. Nao hawakuachwa wakae wakisubiri moyo uchangamke: walitumwa waende wakale vilivyonona, wanywe vilivyo vitamu, na kuwapelekea sehemu wale wasio na kitu. Mstari wa 12 unasema walikwenda wakafanya hivyo kwa furaha nyingi, kwa sababu walikuwa wameyaelewa maneno waliyoambiwa.