Lenzi mbili zilizotumika, picha za watu na Kilimanjaro, na bodi ile ile ya zamani

Nimeambiwa sana kwamba bila fulufremu, yaani kamera yenye sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), sipigi picha ya maana, na waliosema hivyo wengi hata hawakuniuliza napiga nini. Napiga watu, send-off, kipaimara, familia, na nikipata nafasi napiga mlima maana nakaa Moshi. Bodi yangu, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ni Canon 700D, toleo la 2013, megapikseli 18, bado ninayo, hela yote nimeweka kwenye lenzi na najivunia hilo.

Kabla sijanunua kitu nilifungua kwenye kompyuta picha zangu zote za ile lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera. Kila picha inabeba ndani yake milimita ilizopigiwa, yaani lenzi ilivuta kiasi gani, basi nikazipanga kwa hizo namba, za watu nilizozipenda karibu zote zipo 50 hadi 55. Nikabana zumu kwa soltepu pale kwenye 50, nikazunguka nayo wikiendi nzima, ukitaka sura kubwa unasogea wewe kwa miguu. Ikanikaa. Nikachukua 50mm f/1.8 STM iliyotumika, laki mbili na ushee hivi. Kwenye sensa ndogo ya Canon unazidisha kwa 1.6, kwa hiyo inaona kama 80 kwenye fulufremu, pua haivimbi na nyuma kunafifia vizuri. Ila msipige 1.8 kila saa jamani, hiyo namba ni uwazi wa lenzi, ikiwa ndogo uwazi ni mkubwa na kinachotoka kikali ni kidogo, mtu akigeuza shingo kidogo jicho moja linakuwa kali lingine limefifia, mtu mmoja naweka 2.8, familia 5.6.

Lenzi iliyotumika, washa tochi ya simu uangalie kwa kupitia nyuma, ukiona vinyuzi kama utando wa buibui hiyo ni kuvu, rudisha hata ikipunguzwa bei. Na wenye Nikon D3500 au D5600, zile lenzi za zamani za AF-D zinafunga vizuri tu lakini fokasi utazungusha kwa mkono, bodi hizo hazina mota ya kuizungusha ndani. Muulizeni muuzaji kabla hajapokea hela.

Sasa mlima. Kila mtu anakwambia mandhari ni lenzi pana, nikaazima 10-18, nikaamka alfajiri kabla mawingu hayajafunika, Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro chenye theluji, ikatoka kadogo huko mbali, mbingu tupu imejaa picha nzima! Lenzi pana inasukuma vya mbali mbali zaidi, ndo kazi yake. Inafaa pale ambapo kitu kipo karibu yako, maporomoko ya Materuni kwa mfano unasimama chini kabisa, pale 18 ya lenzi yangu ya kwanza inatosha ukisimamisha kamera wima.

Kwa Kibo nikatafuta 55-250, nayo iliyotumika, na hapa ndo raha yangu ilipo. Kamera kwenye stendi, wima, nazima kile kitulizaji cha mtikisiko, mwanga naweka manyuo, yaani naupanga mwenyewe, rangi naifunga kwenye alama ya jua, fokasi naipata kwenye theluji halafu naizima isihangaike. Napiga kutoka kushoto kwenda kulia, picha sita saba, kila moja imelalia theluthi ya mwenzake, nyumbani nazishona kwa Hugin, programu ya bure. Inatoka picha moja ndefu, Mawenzi, kilele cha pili, upande mmoja Kibo upande mwingine, ina pikseli nyingi kuliko fulufremu nyingi ninazotambiwa, na unaikuza ukutani bila kuchakaa. Ukiacha mwanga kwenye oto kila kipande kinatoka na mbingu yake, huo mshono ni kazi kuuficha.

Fulufremu nitanunua siku wateja wa ukumbini usiku wakiwa wengi, maana gizani kweli inasaidia. Hiyo 50 nitahama nayo, adapta ya kufunga lenzi za EF kama hii kwenye kamera mpya za Canon za R inashika fokasi bila shida. Hiyo 55-250 ni EF-S, yaani ya sensa ndogo, kwenye sensa kubwa picha inakatwa, kwa hiyo itabaki na 700D yake kwa ajili ya mlima.