Siku moja na simu za watu, Mlandege

Saa 2:00 asubuhi. Nafungua mlango, nafagia baraza, nawasha ruta kabla ya taa. Mimi ni fundi simu hapa Mlandege, Unguja mjini. Vioo na chaji natengeneza, lakini wateja wangu wengi wanakuja kwa sababu ya nakala za akiba zinazowekwa mtandaoni: picha na meseji walizodhani zimehifadhiwa, kumbe sivyo. Wengi ni wanawake. Simu ya mwanamke ina picha za singo (bi harusi anaposuguliwa mwili), za harusini, watu hawana mitandio, na hizo hampi fundi yeyote tu.

Saa 2:40. Anaingia mama mmoja wa Fuoni na simu yake kwenye kitambaa. Baada ya salamu akanambia, "Mwanangu, imeanza kujizima. Lakini nimeambiwa vitu vyangu vinajihifadhi vyenyewe."

Sikugusa kitu kabla ya kuangalia tarehe. WhatsApp inaandika siku ya nakala ya mwisho, na mimi naiamini tarehe ile kuliko maneno ya mtu yeyote. Kwake hapakuwa na tarehe. Simu ana mwaka wa 3 nayo, na haijawahi kupeleka nakala hata moja.

Sababu ya kwanza ndiyo ninayokutana nayo kila wiki: nakala imewekwa iende kwa Waifai tu, na mama huyu nyumbani hana Waifai, anaishi kwa bando. Miaka yote simu imesubiri mtandao ambao haukuja, wala haikumwambia.

Sababu ya pili ilikuwa akaunti. Nilimuuliza neno la siri la Google, akasema, "Alinifungulia kijana aliyeniuzia." Jina la akaunti si lake, namba ya dharura si yake. Hata nakala ingekwenda, ingekaa kwenye nyumba ambayo ufunguo anao mwengine. Nawaomba wauzaji wenzangu: mfungulieni mteja akaunti kwa namba yake, na neno la siri aliandike yeye.

Saa 3:30. Tukaanza upya. Picha nilizihamishia kwanza kwenye memori kadi, maana simu inayojizima haina ahadi. Kisha tukafungua akaunti mpya, kwa namba yake, tukaielekeza WhatsApp huko. Akaunti ya Google inatoa GB 15 bure, lakini barua pepe, picha na faili zote zinagawana humo humo. Tangu Juni 2021 picha za kawaida nazo zinahesabiwa, na siku hizi hata nakala za WhatsApp za Android. Ikijaa, nakala inasimama. Zake zilikuwa GB 6 pamoja na video. Nilimwambia tukiacha video itapungua sana. Akakataa, na nilimuelewa.

Akauliza, "Na huko zinakokwenda, nani anaziona?" Swali zuri, na wachache wanauliza. Tukawasha ufungaji wa nakala kwa neno la siri, ambao WhatsApp inao tangu 2021. Ukilisahau, si WhatsApp wala Google wanaoweza kukufungulia. Nikageuka nikatazama ukuta, akaliandika mwenyewe kwenye daftari lake la upatu.

Mtandao wangu asubuhi unapandisha kama megabiti 2 kwa sekunde. Kwa GB 6 hiyo ni karibu saa 7. Mama akasema hatoki. Akakaa kwenye baraza na simu mapajani, waya wa chaji umepita dirishani.

Saa 5:15. Nahodha kijana wa Kizimkazi, anayepeleka wageni kuangalia pomboo. Simu yake imezama baharini wiki iliyopita. Laini ameshairudisha, simu mpya anayo, anataka mazungumzo yake na wageni waliolipa arubuni. WhatsApp inataka namba ile ile na akaunti ile ile ya Google. Namba ipo, akaunti alifunguliwa dukani. Msimbo wa kuingilia unakwenda kwa muuzaji. Tulimpigia mara nne. Alipopokea alitusomea, Mungu amlipe, na nakala ikapatikana. Tarehe yake: miezi 7 nyuma, siku aliyolala hotelini kwenye Waifai. Wageni wa mwezi huu hawamo. Akashukuru akaondoka kimya, na mimi sikuweza kufanya kazi kwa muda.

Saa 7:00. Sala, kisha wali na mchuzi wa pweza. Mama nikamletea sahani barazani. Asilimia 48.

Saa 8:50. Umeme ukakatika, ruta ikazima, nakala ikasimama kwenye 61. Nikaunganisha ruta kwenye betri ya sola, lakini mtandao wenyewe ulirudi karibu na saa 10:30.

Saa 10:45. Mwalimu wa skuli moja ya hapa mjini. Jana alihamia simu mpya, na WhatsApp ilipomuuliza kama arudishe nakala, akabonyeza kuruka. Hapa nilikimbia. Nakala mpya ikipanda kwenye akaunti ile inafuta ya zamani, na kwa kawaida simu hutengeneza nakala saa 8 za usiku. Usiku wa jana hakuwa na Waifai. Hiyo tu ndiyo iliyomuokoa. Nilizima nakala za kujiendesha, nikahakikisha akaunti ni ile ile, nikaiondoa WhatsApp na kuiweka upya. Safari hii akabonyeza kurudisha. Dakika 20 baadaye alikuwa anasoma meseji za wazazi wa wanafunzi wake.

Magharibi. Maduka ya jirani yameshafungwa. Mama ameswali ndani kwangu, karudi kwenye baraza. Asilimia 93. Tukazungumza habari za binti yake aliyeolewa Wete.

Saa 1:12 usiku. Nikamwambia asome mwenyewe. Akaisogeza simu karibu na taa, "Nakala ya mwisho: leo, 19:12." Akaisoma tena. Akalitia daftari la upatu ndani ya mkoba, akauliza kama daladala za Fuoni bado zipo.